Mkono wa Refa

Mpaka rangi mmoja alichezesha mpira kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa, mpaka watu wa mtaa wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Sheria. Hata mama mkwe wake alimwita hivyo, na yule mama hakuwa mtu wa kufanya utani na mkwe.

Siku za kazi alikuwa juu ya ngazi, kichwa nyuma, rola mkononi, akipaka dari za ofisi na korido za hospitali. Kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli yake kulikaa kijitabu cha sheria za mpira, nacho kilikuwa kimekula rangi ya kila jengo alilopita. Ukifungua ukurasa wa kuotea unakuta kijani cha zahanati. Ukifungua wa penalti, krimu ya benki. Mafundi wenzake wakibishana saa ya chai, yeye hakubishana. Alifuta kidole, akafungua kijitabu, akasoma mistari miwili, akafunga. Mjadala ukaishia hapo, na mtu akabaki anatafuna mkate wake kwa hasira.

Mkewe alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, mwanamke wa maneno machache yaliyonyooka kama kola za mashati aliyoyashughulikia. Hawakujaliwa mtoto. Badala yake walikuwa na mdogo wa mwisho wa mkewe, aliyekuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate na aliyeishi na mama yao mitaa miwili kutoka hapo. Kila Jumapili mama na mwanawe walikuja kula mchana kwa dada. Huyu mwokaji uwanjani aliitwa Sindano, kwa sababu mpira wake wa adhabu ulipita pasipopitika. Mikono yake ilikuwa na alama za kuungua kutoka kiganjani hadi kiwikoni, kumbukumbu za trei za tanuri, lakini miguu yake, watu walisema, aliiazima kwa fundi saa.

Chakula kikiisha, Sheria alikuwa na kawaida ya kumfundisha shemeji yake sheria pale pale mezani. Viberiti vilikuwa ukuta wa mabeki, kizibo cha soda kilikuwa mpira, na kikopo cha chumvi kilikuwa kipa.

"Kipa wako nikimaliza naye nitamtia kwenye sufuria," mkewe alimwambia siku moja, akakinyakua kikopo katikati ya somo. Mama yao alicheka mpaka akashika meza.

Somo alilolirudia sana lilikuwa la sheria ya kumi na tatu, ile ya mipira ya adhabu, hasa faulo karibu na goli. Alimwonyesha kuwa ukuta lazima urudi nyuma hatua kumi kamili, na kwamba mshambuliaji haruhusiwi kujibana na ukuta wa watu watatu au zaidi. Akae mita moja mbali nao. Alimweleza kuwa faulo ni za aina mbili. Ukimpiga mtu, ukimsukuma, ukimvuta, hiyo ni ya moja kwa moja, mpigaji anaruhusiwa kufunga. Lakini ukiinua mguu karibu na kichwa cha mtu bila kumgusa, hiyo ni ya kugusiwa: mpira lazima umguse mchezaji mwingine kwanza, ndipo uhesabiwe ukiingia. Ukiingia bila kuguswa, wapinzani wanapewa golikiki na kazi imekwenda na maji.

"Sasa mimi natoka katikati ya uwanja mbio," Sindano aliuliza, "sikuiona faulo yenyewe. Nitajuaje ni ipi?"

"Mtazame refa. Mkono ukiwa juu, ni ya kugusiwa. Mkono ukiwa chini, piga."

"Na refa akisahau kuinua?"

"Hapo kosa ni lake, si lako. Mpira ukiingia, unarudiwa." Alikigonga kizibo cha soda kwa kucha. "Ila refa wa kusahau hilo arudi kwao akalime."

Mwaka wake wa kumi na nane wa kipenga, bega la kulia lilianza kumsumbua. Dari zilikuwa zimelila taratibu, kama kutu inavyokula bawaba. Asubuhi hakuweza kuvaa shati bila kuanza na mkono ule mgonjwa. Daktari alimwambia apumzike miezi mitatu na asiinue mkono kupita kifua. Alimwuliza daktari kama dari nazo zitashuka zimsubiri hapo kifuani. Usiku mkewe alimchua bega kwa dawa ya kunukia, naye akamwomba mkewe asimwambie mtu. Kamati ya marefa iliwapima kila mwaka kwa kuwakimbiza mizunguko kumi na miwili. Alikimbia, akafaulu, hakuna aliyemwambia ainue mikono. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yake hayakuwa maradhi ya kifo, lakini yalimuumbua vilevile.

Ligi ya viwanda mwaka ule iliishia kwenye mechi moja: waokaji dhidi ya wachapaji. Waokaji walihitaji sare tu wachukue ngao. Kwa miaka ishirini na miwili hawakuwahi kuigusa, na wachapaji, ambao walikuwa nayo mara tisa, walikuwa na mzaha wao kwamba mpira wa waokaji huumuka vizuri kabla ya msimu kisha huungua kwenye tanuri. Marefa wa ngazi ile walikuwa watatu tu. Mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine alikuwa mchapaji. Akabaki Sheria. Watu waliuliza kuhusu shemeji yake, lakini nahodha wa wachapaji mwenyewe alisema hana wasiwasi. Miaka minne nyuma Sheria alimtoa Sindano kwa kadi nyekundu, kisha kesho yake wakala pamoja.

Siku mbili kabla ya mechi, katibu wa ligi alimwita pembeni. Alimwambia kwamba jina lake limependekezwa kuwa mkufunzi wa marefa wa wilaya nzima. Angekuwa na meza, ubao, na darasa la vijana wa kufundisha. Asingepanda ngazi tena. Kilichobaki, katibu alisema, ni kuimaliza mechi hii bila kelele.

Siku yenyewe mama mkwe alikuja uwanjani kwa mara ya kwanza maishani, akakaa kwenye kiti cha kukunja karibu na kibendera cha kona, mwavuli mapajani ingawa mbingu ilikuwa kavu. Mkewe Sheria alikaa kando yake. Wachapaji walifunga kipindi cha kwanza, mpira wa kichwa. Waokaji wakasukuma, wakasukuma, saa ikawakimbia.

Dakika ya themanini na nane, mshambuliaji wa waokaji aliinama kuupiga mpira kwa kichwa nusu hatua nje ya boksi. Beki wa wachapaji akarusha mguu juu. Mshambuliaji akaanguka, akashika sikio. Sheria alikuwa karibu na aliona vizuri kabisa: kiatu kilipita hewani, hakikugusa hata unywele. Alipuliza kipenga. Akamwambia yule beki, "Mguu juu," kwa sauti ya kawaida, akainua mkono wa kulia kuonyesha kuwa ni ya kugusiwa.

Mkono ulifika usawa wa sikio. Maumivu yakashuka kutoka begani hadi kwenye vidole kama maji ya moto, na mkono ukashuka nayo. Alikusudia kuinua wa kushoto. Lakini ukuta wa watu watano ulikuwa umeanza kutambaa mbele, wale wa pembeni wakisukumana na mshambuliaji aliyejipenyeza kati yao. Akaenda kuwarudisha, akawasukuma kwa ule mkono mzima, akahesabu hatua, akamwamuru mshambuliaji akae mita moja mbali, akamkemea nahodha aliyemshika kiwiko. Watu walikuwa wakipiga kelele pande zote. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, mkono wa kulia ameubana ubavuni kama anayeficha kitu kwapani, akapuliza.

Sindano alikuwa ametoka katikati ya uwanja. Aliuweka mpira, akarudi nyuma, akamtazama refa. Akamtazama tena. Kisha akapiga. Mpira ulipita juu ya kichwa cha mtu wa pili katika ukuta, ukapinda, ukaingia chini ya mwamba kwenye kona ya kushoto. Kipa hakusogea hata kidogo.

Uwanja ulilipuka. Waokaji wazima, wazee wenye mvi, waliingia wakikimbia. Mama mkwe alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

Kipa alikuwa anatembea kuelekea kwa refa, mikono imefunguka. "Ni ya kugusiwa," alisema. "Nilikuona ukiinua mkono. Nimeuacha makusudi."

Hapo ndipo Sheria alipojua. Kijitabu kilikuwa ndani ya mfuko, lakini hakukihitaji. Alikijua kama anavyojua majina ya ndugu zake. Faulo ni ya kugusiwa, refa hakushikilia ishara, mpira umeingia moja kwa moja: inarudiwa. Alichopaswa kusema ni neno moja. Lakini kusema neno hilo ni kukiri mbele ya watu elfu mbili, na mbele ya katibu aliyekaa chini ya turubai na kalamu yake, kwamba refa ndiye aliyekosea. Halafu wangesema amempa shemeji yake nafasi ya pili. Haya yote yalimpita kichwani kwa muda wa mtu kumeza mate. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea goli la wachapaji. Golikiki.

Washika vibendera walikuwa wa kuazima, mmoja kutoka kila kiwanda, na kazi yao ilikuwa mpira kutoka nje tu. Nahodha wa waokaji aliuliza, Sheria akamjibu kwa maneno ya kitabu: mpira haukuguswa na mtu wa pili. Nahodha alimgeukia Sindano, na wenzake wote wakamgeukia.

"Hukujua kuwa ni ya kugusiwa?" walimwuliza.

Sindano alifungua mdomo. Alimtazama shemeji yake, ambaye alikuwa anatazama saa. Kisha akaufunga mdomo, akarudi kwenye nafasi yake. Dakika mbili baadaye mechi iliisha.

Aibu ya watu wengine husemwa mdomoni. Ya Sindano ilichapwa. Wachapaji walikuwa na mashine, karatasi na wino, na hawakuhitaji zaidi. Jumatatu alfajiri ukuta wa kiwanda cha mikate ulikuwa umebandikwa karatasi kama hamsini. Zilikuwa na picha ya mtu mwenye kichwa cha mkate akipiga mpira, na juu yake maandishi makubwa: SHERIA YA KUMI NA TATU, SOMA KABLA YA KUPIGA. Jina la Sindano likafa siku ile. Akawa Moja kwa Moja. Wauza duka waliokuja kuchukua mikate walimwita hivyo. Wenzake kwenye tanuri walimwita hivyo, mwanzoni kwa utani, na utani ukachacha. Akichelewesha trei waliambiana wamwache, anangoja iguse mtu kwanza. Wale wazee wenye mvi, waliosubiri ngao miaka ishirini na miwili na waliobakiza mwaka mmoja au miwili wastaafu, hawakumtania. Waliacha tu kumwamkia.

Meneja wa kiwanda alitaka ukuta usafishwe, akamtafuta mpaka rangi wa karibu. Sheria alikwenda na ndoo ya maji, kikwaruzo na rangi nyeupe. Siku nzima alikwaruza zile karatasi kwa mkono wa kushoto, kichwa baada ya kichwa. Saa nane mchana zamu iliisha na Sindano akatoka kwenye geti dogo. Alisimama, akamwona shemeji yake akiwa na vipande vya karatasi kwenye nywele.

"Kazi njema, shemeji," alisema.

"Asante," Sheria alijibu, akaendelea kukwaruza. Baadaye maishani alisema kwamba nafasi ya uwanjani ilikuwa ya kumeza mate, kwa hiyo labda mtu angemsamehe. Lakini ya pale ukutani ilikuwa ndefu, na alikuwa na maji, kikwaruzo na siku nzima.

Jumapili mama aliuliza mezani. Aliuliza kwa upole, maana hakuelewa mpira. Alitaka kujua kama lile somo la viberiti halikuwa ndilo hilo hilo.

"Lilikuwa ndilo, mama," Sindano alisema. "Nilisahau."

"Mwanangu, mambo uliyofundishwa miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa na haraka."

Sheria alikuwa anakata nyama yake vipande vidogo vidogo. Hakuna aliyetoa viberiti Jumapili ile, wala Jumapili yoyote iliyofuata. Baada ya miezi mitatu Sindano aliacha kazi, akapata tanuri nyingine katika mji ulio safari ya siku nzima kwa basi. Alisema mshahara ni ule ule ila vumbi la unga ni dogo. Mama alibaki peke yake, dada akawa anaenda kulala kwake. Na Sheria akawa mkufunzi. Alipewa meza, ubao na chaki, na kila alipofika kwenye somo la kumi na tatu alimwachia msaidizi wake akisema koo linamkera.

Mama aliugua mwaka uliofuata, kifua, akafariki wiki ya pili hospitalini kwenye korido ambayo mkwe wake aliipaka rangi mwenyewe. Siku moja kabla ya kufa alimwambia binti yake amtazame mdogo wake, kwa sababu mvulana yule ni mwema lakini kichwa chake hakishiki mambo.

Sindano alifika kwa mazishi akiwa amekonda. Walipotoka makaburini na watu wamepungua, alikwenda kukaa nyuma ya nyumba ya mama yake juu ya kreti ya mikate iliyogeuzwa. Sheria alimfuata, akavuta kreti nyingine. Walikaa wakitazama kamba ya nguo isiyo na nguo.

"Siku ile sikuinua mkono," Sheria alisema.

Sindano hakugeuka. "Najua."

"Bega lilinishinda. Niliuinua nusu, ukashuka, nikasahau. Ilipasa irudiwe. Nilijua pale pale."

"Nilikutazama mara mbili, shemeji. Mara ya pili nilijisemea, huyu ndiye aliyenifundisha, hawezi kukosea. Ndiyo maana nikapiga."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Refa ulikuwa wewe. Nikisema kule uwanjani, ni mchezaji anayembishia refa. Nikisema nyumbani, namvunjia dada nyumba yake." Alikuna alama ya moto kwenye kiganja. "Nikasema nitangoja, atasema mwenyewe. Wiki ikaisha. Nikasema labda anangoja watu watulie. Siku ile ukutani nilisimama pale nikadhani ndiyo siku yenyewe."

Sheria alianza kuomba radhi, maneno yakamwishia katikati. Sindano alimwacha ahangaike nayo.

"Hao wachapaji sina neno nao," alisema mwishowe. "Wala hao wa tanuri. Mama ndiye. Alikufa akijua amezaa mtu asiyefundishika. Na mimi ndiye niliyemwambia hivyo, kwa mdomo wangu, ili wewe ule nyama yako kwa amani." Akasimama. "Dada anajua?"

"Hajui."

"Basi anza naye."

Alianza naye kesho yake, asubuhi, mkewe akiwa anazikunja nguo za marehemu kitandani. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Mkewe hakuacha kukunja. Alimaliza gauni moja, akalipanga juu ya mengine, akalilainisha kwa kiganja kama alivyozoea.

"Nilikuchua lile bega kwa mikono hii," alisema. "Mama akaniuliza na mimi kuhusu mdogo wangu. Nikamjibu kwamba huyo ndivyo alivyo." Alichukua gauni jingine. "Umenifanya nimsengenye mdogo wangu kwa mama yake anayekufa."

Hakupiga kelele, hakulia mbele yake. Jioni ile alihamishia vitu vyake nyumba ya mama. Alisema anakwenda kuipanga nyumba, na nyumba ile ya vyumba viwili alichukua miezi mitano kuipanga.

Mkutano wa ligi wa kufungua msimu ulifanyika kwenye ukumbi wa kantini ya kiwanda cha uchapaji. Sheria aliomba nafasi kwenye mengineyo. Alikuwa ameandika ukurasa mmoja na aliusoma wote bila kuinua macho: faulo ilikuwa ipi, mkono ulifanya nini, kitabu kinasema nini, yeye aliamua nini na kwa nini. Alilitaja bega na kazi aliyoahidiwa. Alisema aliyepiga hakukosea chochote, alifuata ishara aliyoiona, na kwamba yeye refa alilijua hilo kabla mpira haujatulia wavuni.

Mchapaji mmoja alicheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza. Nahodha wa waokaji, aliyekuwa amestaafu mwezi uliotangulia na aliyekuja kuaga tu, alichukua kofia yake, akatoka. Alipompita Sheria alisema, "Wenzangu wawili wamekufa tangu siku ile," akaenda zake.

Katibu alieleza kwamba matokeo hayabadiliki baada ya kusainiwa. Wangerudiaje dakika mbili baada ya mwaka na nusu? Ngao ilibaki kabatini kwa wachapaji. Sheria alivuliwa ukufunzi na kipenga vyote viwili, kwa kura ya watu kumi na mmoja dhidi ya mmoja, na huyo mmoja ilisemekana hakusikia swali vizuri. Yule kipa aliyeacha mpira uingie alikuja baada ya mkutano, akamwambia wachapaji watatengeneza barua ya kusahihisha, kwa karatasi nzuri, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayezipanga herufi. Barua ilitumwa kwa Sindano na nakala ikabandikwa kwenye ukuta wa kiwanda cha mikate. Waokaji vijana waliisoma, wengi wao hawakumjua hata kwa sura.

Sheria alirudi kwenye ngazi. Bega halikupona, kwa hiyo alichukua kazi za milango na madirisha, vitu vya usawa wa kifua. Watu waliendelea kumwita Sheria. Lilikuwa jina, na jina halina kosa, lakini yeye alianza kuitikia kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayehakikisha kwanza anayeitwa ni nani. Mkewe alirudi nyumbani wakati wa mvua, kwa sababu paa la mama lilikuwa linavuja. Hakusema amesamehe, na hakuulizwa. Walikula meza moja, wakaambiana habari za kazini. Mchuma janga hula na wa kwao, na wao walilila polepole, kila mtu sahani yake.

Mwaka wa pili tangu kifo cha mama, Sindano alikuja kujengea kaburi. Alifikia kwa rafiki. Asubuhi Sheria alimkuta makaburini akiwa na mfuko wa simenti, hakuuliza, akavua koti akaanza kuchota mchanga. Walifanya kazi mpaka jua likawa la utosi. Sindano alipanga matofali, Sheria alichanganya, na waliyosema yalikuwa ya kazi: ongeza maji, hapa pamepinda, nipe kamba. Mkewe Sheria aliwaletea chai kwenye chupa, akakaa juu ya jiwe akiwatazama, akasema ukingo wa kushoto uko chini. Ulikuwa chini kweli. Wakauinua.

Wakinywa chai Sheria alimwuliza kama barua ilimfikia.

"Ilinifikia," Sindano alisema. "Karatasi nzuri."

"Uliionyesha kazini?"

"Kule hawajui kama niliwahi kucheza." Alimwaga machicha ya chai kwenye majani. "Niliisoma mara moja, nikaiweka. Aliyekuwa na haja nayo yuko humu ndani, shemeji. Angekuwa hai ningemsomea."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi Sheria. Basi la Sindano lilikuwa la saa tisa. Alinawa mikono, akamkumbatia dada yake kwa muda, akampa Sheria mkono, mkono wa kawaida wa kuagana, akashuka kilima akiwa na begi begani. Dada yake alimsindikiza hadi barabarani. Sheria alibaki kwenye kaburi akiosha karai na mwiko, maana simenti ikishakauka haitoki.